Wosia wa Mashine ya Peja

Jumatatu, 2 Machi 1998
Mashine imekufa tena leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ikinyesha. Mara ya nne tangu Januari. Nimesaini mimi.

Naandika hapa kwa sababu daftari la ofisini halina nafasi ya kusema kitu. Lina safu mbili tu, Bwana Mudathir kazichora mwenyewe kwa rula wiki iliyopita: KOSA LA MTUMIAJI na KOSA LA MTAMBO. Mashine ikifa, mimi fundi naweka tiki upande mmoja na kusaini. Tiki tatu kwa mtumiaji, opereta aliyekuwa zamu anaondoka. Tiki tatu kwa mtambo, naondoka mimi. Bwana Mudathir aliuza vipuri vya magari miaka ishirini kabla ya kuleta biashara hii ya peja hapa Mikocheni, na kwenye vipuri, anasema, kitu ama kimevunjwa ama kilikuja kibovu. La tatu hakuna.

Ya leo ni tiki yangu ya kwanza.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mteja anapiga simu, opereta anaandika meseji, mashine kubwa chumba cha nyuma inaipeleka mnarani, na peja ya mtu inalia kiunoni huko Kunduchi. Kila zamu opereta watatu, viti vitatu. Mnara unatupa meseji tatu kwa dakika, yaani mia na themanini kwa saa. Programu inayoongea na mnara niliiandika mimi, wiki tisa, kwa vitabu vya kutoa kopi, mimi niliyeanza kwa kuchomelea redio za watu Bukoba. Nikaiita kwa jina langu: adelard. Wenye vyeti wanavitundika ukutani. Mimi nilikuwa sina cha kutundika.

Jumatano, 4 Machi
Mvua kutwa. Mashine nzima. Viatu ndiyo vimekufa.

Jumatano, 11 Machi
Saa nne na dakika nane. Kiti cha kwanza alikuwa Mwamvita.

Huyu dada amenizidi miaka miwili, ana arobaini na mmoja. Alikuwa opereta wa simu serikalini mpaka walipopunguzwa kazi, akakaa nyumbani Tandika miaka mitatu. Anaandika bila kutazama vidole wala skrini, anatazama nje dirishani, na huku anamwitikia mteja: “Endelea baba, nakusikia. Haya. Na mama yake umwambieje?” Wengine wanaandika meseji arobaini na tano kwa saa. Yeye mia na kumi, siku simu zikiwa hazikatiki.

Nilipofika mbio chumba cha nyuma alishaingia, keshabonyeza kitufe cha kuzima na kuwasha.

“Dada Mwamvita, nimewaambia msiguse!”

“Nina watu sita kwenye simu, fundi. Mmoja mke wake yuko leba. Nimwambie asubiri uje uvae miwani?”

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mashine ikifa, haifi kimya. Ile programu mama inayoendesha zote, kiini chake, inasema kabla ya kukata roho: nilikuwa nafanya nini, nimekwama wapi. Maneno hayo yanabaki kwenye skrini hadi mtu abonyeze kitufe. Yakifutika, yamefutika. Nao wanabonyeza ndani ya sekunde ishirini, kwa wema, kwa sababu ya wateja. Isitoshe hata skrini yenyewe haipo, Bwana Mudathir kaihamishia mapokezi ipambe. Mashine inatoa wosia gizani, na warithi wanakimbilia kufunga jeneza.

Daftari likaletwa. Nikafikiria: zamu yake, kidole chake, kitufe chake. Nikatia tiki kwa mtumiaji.

Mwamvita akaisoma kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. “Moja hiyo,” akasema.

Jumamosi, 14 Machi
Kimara hatuna maji ya bomba, ya mbinguni yanamwagika bure. Nimetega ndoo saba.

Alhamisi, 19 Machi
Saa nne na dakika kumi na nne. Mvua kubwa, Jangwani hapapitiki, kila mtu mjini anataka kumwambia mwenzake kwamba kakwama. Mwamvita tena.

Mara zote ni karibu saa nne, mara zote ni mvua. Nimekaa na karatasi. Nilidhani viwanda vya jirani vinapowasha mitambo umeme unashuka, lakini nimepima: volti mia mbili ishirini na sita, imetulia. Nikadhani unyevu. Nimeweka mkaa kwenye gunia kando ya mashine ufyonze. Imekufa na mkaa wake.

Kilichobaki ni mtu. Wenzake wenyewe wanamtania, wanamwita mkono wa kuua. Mama Genoveva, mkuu wa opereta, Mngoni mwenye sauti ya kanisani, hataki utani huo, lakini naye kaniambia pembeni: “Kuna watu wana mkono mzito, fundi. Kwetu mtu wa hivyo haruhusiwi hata kukoroga pombe.”

Tiki ya pili kwa mtumiaji.

Ijumaa, 20 Machi
Mke wangu Demetria anasahihisha madaftari ya darasa la sita, mimi nakunywa chai. Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

“Ulimwona akikosea?”

“Sikuwa chumbani.”

“Wenzake walimwona?”

“Hawakuona kitu.”

“Basi umesahihisha mtihani ambao hujausoma.”

Walimu ndivyo walivyo. Yeye hana tiki mbili zinazomngoja.

Jumatano, 25 Machi
Bwana Mudathir kaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akitafuta kitu mezani. Akapata: karatasi ya kampuni ya nje, wataalamu wa mashine kama hizi. “Wana digrii,” akasema. “Sikufukuzi, fundi Adelard. Nakuonyesha tu.”

Nimetoka mle nikiwa na jambo moja kichwani. Ile mashine itasema, na itasikiwa na wote, na siku hiyo tutajua nini ni kibovu na nani ni mvunjaji.

Jumapili, 29 Machi
Nimepata. Kuna yadi ya vyuma chakavu nyuma ya kiwanda cha rangi, hapo hapo Mikocheni, wameleta maiti ya mtambo wa simu wa zamani. Ndani yake kuna kadi ya kumbukumbu yenye betri yake yenyewe. Ukizima umeme wote, kadi inakumbuka. Nafasi ni ndogo, kurasa kumi na sita hivi za maandishi. Kwa maneno ya mwisho zinatosha. Hata binadamu hahitaji zaidi.

Jumapili, 5 Aprili
Ofisini tangu saa mbili asubuhi, kwa ruhusa. Nimekifundisha kiini: ukihisi unakufa, nakili maneno yako kwenye kadi kwanza. Nikaiua mashine makusudi. Nikaiwasha. Maneno yapo.

Yapo, lakini anayeyaona ni kiini peke yake. Amezaliwa upya na barua ya marehemu mfukoni, hampi mtu. Programu za kawaida, hizi wanazotumia opereta na hata mimi, haziruhusiwi kuchungulia kumbukumbu yake. Itabidi nimtengenezee dirisha: kila anapoamka, atoe barua ile aiweke kama faili la kawaida kwenye saraka moja, yaani kabati la mafaili humo humo ndani ya mashine, asome atakayesoma. Ukilifuta faili, kadi inafutika, nafasi inapatikana kwa kifo kingine.

Saraka nimeiita wosia.

Jumanne, 7 Aprili
Idi. Hapa kazini pana mapatano ya zamani: Idi Wakristo wanashika viti, Pasaka Waislamu wanashika, kila mtu ale sikukuu yake. Leo walikaa mama Genoveva, Felicitas na Hope. Mvua haikukata tangu alfajiri, simu hazikukata, nusu ya mji inatumiana heri.

Mashine haikufa.

Nimerudia kuandika: mvua ileile, simu zilezile, saa nne ikaja ikapita. Kilichokosekana ni Mwamvita tu. Nilimwambia Demetria jioni. Akasema, “Umefurahi.” Sikufurahi. Nilipumua tu.

Jumamosi, 11 Aprili
Dirisha limekubali. Nimeua mashine mara nne, mara nne faili limetokea kwenye wosia, na tarehe na saa.

Mama Genoveva akataka nilifunge, lisomwe na yeye, mimi na Bwana Mudathir tu. Nikakataa. “Nikilifunga watasema nimeyapika. Liwe wazi. Tena nimeweka kwamba mashine ikiwaka, maandishi yanajitokeza yenyewe kwenye skrini zote tatu za opereta. Kila mtu aone.”

“Hata sie?” akauliza Mwamvita. Alikuwa anakunja khanga yake ya mvua. “Sie watumiaji?”

“Hasa nyie.”

“Alhamdulillah. Maana siku zote naambiwa nimeua na sijaonyeshwa maiti.”

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kufuta peke yake ndiko nilikojiachia mimi, kwa nenosiri langu.

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka. Misa Kimara, mvua juu ya bati hata mahubiri hayakusikika. Wali, kuku.

Jumanne, 14 Aprili
Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu nimechoka na nikilala nitaanza kujisamehe.

Nilifika saa moja kasoro robo. Mlinzi akaniambia mashine ilikufa Jumapili, saa nne na dakika tisa. Kwenye viti walikuwa Mwamvita, Somoe na Nusaiba. Jana ilikuwa sikukuu, Bwana Mudathir alikuja akaona daftari, akaacha mstari wazi ungoje saini yangu. Opereta hawajafika. Nikaazima skrini ya kiti cha tatu, nikaingia nayo chumba cha nyuma na kufungua wosia.

Faili moja. Sikuwa nahitaji hata kukaa. Mistari ya mwisho ilikuwa yangu mwenyewe, yale maneno niliyoiambia programu yangu iwe inayasema nilipokuwa naijaribu mwaka juzi:

adelard: foleni 61
adelard: foleni 62
adelard: foleni 63
adelard: foleni 64
adelard: foleni 65

Halafu kelele ya kiini, na kimya.

Meseji zinazosubiri mnara zinakaa kwenye foleni. Nilipoandika programu nilichonga viti sitini na vinne. Niliona vinatosha, nani atangoja hivyo? Sikuweka mlango. Ya sitini na tano inapokuja hairudishwi, inakwenda kukaa juu ya kitu cha kiini, na kiini kinakufa.

Nikachukua karatasi. Opereta watatu wa arobaini na tano ni mia na thelathini na tano kwa saa, mnara unameza mia na themanini, foleni haijengeki hata mvua inyeshe mwezi. Hiyo ndiyo Idi, na zile siku za mvua ambazo Mwamvita hakuwa zamu. Lakini weka mmoja wa mia na kumi, na wawili wa arobaini na tano: mia mbili. Ishirini zinabaki kila saa. Sitini na nne gawa kwa ishirini, saa tatu na dakika kumi na mbili. Zamu inaanza saa moja. Jumlisha. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Na lazima iwe mvua, maana siku ya jua simu zinapumzika, naye anapumzika nazo.

Hakuwa na mkono mzito. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko programu yangu.

Nilikaa. Nikahesabu na upande wa pili, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu. Tiki moja yangu ipo. Mbili nilizompa ni zangu, tatu. Na ya Pasaka, nne. Nina miaka thelathini na tisa, sina cheti, na kwenye meza ya Bwana Mudathir kuna karatasi ya wenye digrii.

Nikalifuta faili.

Halafu nikaenda mbele, nikatia tiki kwa mtumiaji, nikasaini. Ya tatu.

Saa tatu Mwamvita alipewa barua. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa na haki. Alifunga kalamu yake, akachukua mto wake wa kitini, akapita mlangoni kwangu. Alinitazama kama anayesubiri mteja amalizie sentensi.

“Haya fundi,” akasema. “Kazi njema.”

Alhamisi, 16 Aprili
Viti vya foleni sasa ni mia tano na kumi na mbili, na nimeweka mlango. Dakika arobaini za kazi. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 17 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 20 Aprili
Somoe na Nusaiba wameacha kuniamkia. Mimi si mzee wao, hawalazimiki. Lakini walikuwaga wananiamkia.

Ijumaa, 24 Aprili
Bwana Mudathir alikuja chumba cha nyuma mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Siku kumi za mvua, mashine haijayumba. Akanipiga bega. “Unaona? Alikuwa yeye. Ningelisikiliza huruma tungekuwa tunazika mpaka leo.” Akasema ile skrini ya mapokezi ataninunulia nyingine. Akatoka.

Nimetengeneza kosa langu, na kutengeneza kwangu ndiko kunakomtia yeye hatiani. Kila siku mashine inayoishi ni shahidi dhidi yake. Sijawahi kuona hesabu mbaya kama hii.

Jumanne, 28 Aprili
Nusaiba ndiye mdogo wao, haongei. Leo aliniletea chai, akaiweka, hakuondoka.

“Fundi. Ile ya Pasaka umeipeleka wapi?”

“Ipi?”

“Ile wosia. Ilitokea kwenye skrini zetu tulipowasha, si ulisema itatokea? Tuliisoma wote watatu. Jina lako limeandikwa mara tano.”

Chai ilikuwa na mvuke mwingi. Niliitazama hiyo.

“Mbona hamkusema?”

“Dada Mwamvita alitukataza. Alisema, mwacheni. Mtu aliyeleta taa mwenyewe hawezi kuizima. Tusubiri tuone Jumanne ataandika nini.”

Akachukua sinia lake.

Siku kumi na nne wamekuwa wananiona. Nilifuta faili moja, nikasahau kwamba niliifanya kazi yote ile ili lisiwe langu peke yangu.

Jumatano, 29 Aprili
Nilimwambia Demetria asubuhi kabla hajaenda shule. Aliweka chaki zake mkobani moja moja. “Unangoja nini sasa? Mimi si mwajiri wako.”

Saa tatu nikaingia kwa Bwana Mudathir, nikasema yote na karatasi yangu ya hesabu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka, kwa upole.

“Wewe una moyo mzuri, fundi. Unamwonea huruma.”

“Kwa heshima yako, mzee, lakini ni kosa langu.”

“Ushahidi uko wapi?”

“Niliufuta.”

“Basi. Mtu akifa na shahidi hayupo, tunazika. Ametoka, mashine imepona. Nihesabie hiyo.”

Nikamwambia nitarudisha programu ya zamani, nizime mnara, tujaze foleni, aone. Akatikisa kichwa. “Ukizima mnara hata mie naweza kuiua. Mnara uwake. Viti vitatu, watu walewale. Kama ni hivyo unavyosema, ife yenyewe.”

Watu walewale. Maana yake nikamlete.

Ijumaa, 1 Mei
Sikukuu ya wafanyakazi. Tandika, kwa barabara ya Mandela, maji hadi magotini mwisho wa lami. Kwa Mwamvita niliulizia duka la mafuta ya taa, kumbe nyumba ni ile ya pili.

Alikuwa barazani anachambua mchele. Baba yake, mzee Mfaume, amelala kitandani chumba cha mbele, mlango wazi. Nikamwamkia toka nje. Nikaambiwa kaa. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikasema mwenyewe, kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Aliendelea kuchambua.

“Ishirini kwa saa,” akasema nilipomaliza. “Kumbe nilikuwa naiua kwa ishirini.”

“Hukuwa unaua wewe, dada.”

“Najua. Nimejua tangu Pasaka, fundi. Nyie Wahaya bwana, hata kosa mnalibandika jina lenu.” Hakucheka lakini. “Unajua niliporudi hapa na ile barua nilimwambiaje baba? Nilimwambia nina likizo. Mara ya kwanza, ile ya serikali, nilimwambia kweli, akaugua. Sasa ana wiki mbili ananiuliza likizo gani hii haina mwisho.”

Toka ndani mzee akauliza, “Nani huyo?”

“Wa kazini, baba. Kaja kuniita.”

Nikamwambia ni Jumapili, saa moja asubuhi. Nikamwambia samahani. Akapepeta ungo, pumba zikaniangukia viatuni.

“Nakuja. Siji kwa ajili yako.”

Jumapili, 3 Mei
Programu ya zamani, mnara unawaka. Mwamvita, Somoe, Nusaiba. Simu chache za Jumapili alizishika mama Genoveva kwa karatasi. Tulichukua vikaratasi vya meseji za mwezi uliopita, ndoo nzima, waziandike upya, ziende kwenye peja tatu za ofisi zilizowekwa mezani mbele ya Bwana Mudathir. Zilianza kulia saa moja na dakika mbili na hazikunyamaza.

Saa ya kwanza alizisoma kwa sauti. “‘Mwambie fundi bomba asije, maji yenyewe hayapo.’ ‘Nimekwama Jangwani, pakua ule.’ ‘Wewe Benson, nimekuona.’” Somoe alicheka hadi akakosea. Saa ya pili aliacha kusoma. Saa ya tatu alikuwa anamtazama Mwamvita. Nadhani hajawahi kumwona akifanya kazi. Alikuwa anaandika na uso dirishani, mgongo umenyooka, anaangusha karatasi, anachukua karatasi, kama mtu anayechambua mchele.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na saa mkononi. Ilipofika saa nne na dakika tano nikashikwa na woga wa namna mbili kwa pamoja: kwamba itakufa, na kwamba haitakufa.

Saa nne na dakika kumi na moja peja zikanyamaza.

Mwamvita akageuka kwangu. “Nibonyeze, au unabonyeza mwenyewe?”

“Bonyeza.”

Dakika moja na nusu ya kuamka. Halafu skrini tatu kwa pamoja. Bwana Mudathir alisogea, akavaa miwani, akafuata kwa kidole: adelard, adelard, adelard. Hahitaji Kiingereza kusoma jina la mtu.

Akaomba daftari. Nikafuta tiki tatu za mtumiaji kwa mistari, nikazihamishia upande wa pili, nikasaini kila moja. Na yangu ya kwanza, nne. Nikaweka funguo za chumba cha nyuma mezani, maana tatu zinatosha.

Akazirudisha kwangu kwa kidole. “Opereta napata kumi kesho asubuhi. Fundi wa kuisoma hiyo mashine sipati. Kaa.” Halafu akamgeukia Mwamvita, kama amekumbuka. “Na wewe Jumanne rudi kitini kwako. Mambo yameisha.”

Alisema hivyo, kwa mpangilio huo, mbele yake. Mwamvita alikuwa anapanga vikaratasi kurudisha ndooni.

“Nimesikia, Bwana Mudathir,” akasema.

Jumanne, 5 Mei
Amerudi, na mto wake. Nimeandika barua ya mkono wangu, kwamba kosa lilikuwa langu na nililificha, nikampa ampelekee baba yake. Aliisoma mara mbili, akaikunja. “Hajui kusoma. Lakini nitamsomea.”

Mashine nimeirudishia programu mpya. Viti mia tano na kumi na mbili, mlango upo. Kufuta wosia sasa kunahitaji manenosiri mawili, langu na la opereta aliye zamu.

Jumatatu, 11 Mei
Mvua. Nusaiba kaniamkia.

Jumanne, 19 Mei
Naona mvua za masika zinaisha. Leo ilikuwa ya mwisho au ya kabla ya mwisho. Lakini ilikuwa kubwa, na simu hazikukata tangu asubuhi. Wateja wamelalamika: wanasubiri laini mpaka dakika kumi na moja. Mama Genoveva alikuja kuuliza kama mashine ni nzito. Nikaangalia foleni. Tatu. Mbili. Nne. Nikahesabu meseji za kila kiti.

Nikatoka, nikasimama nyuma ya kiti cha kwanza. Alikuwa anaandika kwa vidole viwili, macho kwenye skrini, herufi kwa herufi, kama wanavyofundishwa wageni. Hakukosea hata moja.

“Dada Mwamvita, imeshatengenezwa. Inabeba zote. Unaweza kwenda utakavyo.”

“Najua,” akasema. “Uliniambia.” Akamwitikia mteja, “Subiri kidogo baba, naandika.”

Meseji thelathini na nane kwa saa. Nimezihesabu mara mbili.